Halua ya Wapi? Msafiri na Jina la Kitu Kitamu cha Pwani

Mtungaji wa kamusi hapati taabu na neno halua. Humtosha mstari mmoja au miwili: nomino ya ngeli ya i-/zi-, asili yake Kiarabu, maana yake kitu kitamu kinachopikwa kwa sukari, samli, wanga na viungo. Akishaandika hayo huendelea na neno haluli, ambalo ni dawa ya kuharisha, jirani asiyestahili kabisa kuwekwa karibu na halua, lakini ndivyo alfabeti ilivyopanga.

Matumizi ya neno hilo vinywani mwa watu yana mengi zaidi. Abiria anayevuka bahari kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam habebi halua tu. Hubeba halua ya Zanzibar. Mpemba aliyehamia Unguja huagiza halua ya Pemba, na akiletewa nyingine huila kwa adabu huku akiikosoa. Mkaazi wa Nairobi anayerudi kutoka pwani huwafungulia majirani mfuko akawatolea halua ya Mombasa. Na katika miji hiyo yote hapakosi mzee wa kusema kwamba halua hasa, ile yenyewe, ni ya Maskati. Kitu ni kimoja au karibu kimoja, na miji inayokidai ni mingi. Mada ya mhadhara huu ni sehemu hiyo ya pili ya jina, yaani a-unganifu pamoja na jina la mahali. Dai lake ni kwamba jina la mahali halikutolewa na mpishi, wala halikutolewa na mji unaotajwa. Lilitolewa na msafiri. Kulichukua jina hilo kuwa ushahidi wa asili, kama inavyofanywa mara kwa mara katika mabishano ya kwamba kipi ni cha Waarabu na kipi ni cha Waswahili, ni kulitaka neno lishuhudie jambo ambalo halikuwapo kulishuhudia.

Mwenyeji hana haja ya jina hilo. Katika nyumba ya Wete, mama humwambia mwanawe akate halua awapelekee wageni barazani. Hamwambii akate halua ya Pemba. Muuzaji wa Mji wa Kale, Mombasa, akizungumza na jirani yake atamtajia halua nyeusi, halua nyeupe au halua ya lozi, kwa kuwa kwao wawili tofauti iliyo muhimu ni ya rangi na viungo. Jina la mahali huzaliwa pale kitu kinapotazamwa kutoka mbali. Kwa hiyo kila inaposikika halua ikifuatwa na jina la mji, mwanaisimu asiridhike kuujua mji huo. Yafaa aulize pia ni nani aliyesafiri.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa kwanza. Kiarabu kina mzizi wa konsonanti tatu, h-l-w, ambao dhana yake kuu ni utamu, na kutokana nao hupatikana halwa. Kiarabu huligawa neno hilo katika silabi mbili, ya kwanza ikifungwa na l. Kiswahili kwa kawaida hupendelea silabi iliyo wazi, yenye kuishia na irabu. Basi w ikageuzwa irabu u, silabi zikawa tatu, na mkazo ukatua pale unapotua katika maneno mengi ya Kiswahili, katika silabi ya pili kutoka mwisho: ha-lu-a. Njia hiyo hiyo ilifuatwa na dunya iliyokuwa dunia. Qahwa nayo ilifika kwenye shabaha ile ile kwa njia nyingine, ya kuchomeka irabu, ikawa kahawa. Maandishi ya haluwa hupatikana pia, na siku hizi vibao vya maduka mengi huandika halwa, mtindo unaomfuata mnunuzi mgeni kuliko matamshi ya mwenyeji. Wako pia wanaolihusisha neno hili na halali, wakidhani kwamba kitu kitamu hivyo kilipewa jina kwa uhalali wake. Fikra hiyo inapendeza, lakini halali imetoka katika mzizi h-l-l, na mizizi hiyo miwili haina udugu.

Neno limesafiri mbali kuliko kitu. Mturuki ana helva, Mgiriki ana chalvas, na katika Bara Hindi halwa huweza kuwa ya karoti au ya semolina. Mzungu anayefika Unguja huwa ameshaijua halva ya ufuta, kavu na yenye kumegeka kama udongo mkavu. Akiwekewa kipande cha halua ya pwani, laini, chenye kung'aa na kunata vidoleni, huona kwamba amepewa kitu kingine kwa jina alilolizoea. Hakukosea. Katika safari zake neno lilikuwa likikutana na vyakula tofauti na kuvifunika vyote kwa maana yake pana ya kitu kitamu. Hili peke yake lingetosha kututahadharisha: ukopaji wa neno na ukopaji wa kitu ni matukio mawili, na aghalabu hayaendi sambamba.

Je, kitu hiki kilifika lini pwani? Ibn Battuta alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, naye alikuwa mtu wa kuangalia sana sinia inayowekwa mbele yake. Mogadishu alipokewa kwa tambuu na popoo, akamiminiwa marashi ya mawaridi ya Dameski. Kisha akaeleza wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vyake, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na pilipili. Katika orodha hiyo ndefu halua haimo. Kimya cha mtu mmoja hakithibitishi kwamba kitu hakikuwapo, lakini ni kimya cha mlaji makini, na hakipaswi kupuuzwa. Kilichokuwapo ni mazingira yote ambayo halua ilikuja kuyahitaji: samli, marashi, mgeni wa kuheshimiwa, na desturi kwamba mgeni huyo asifikishwe kwenye mazungumzo kabla hajaonjeshwa kitu.

Wa-Omani waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, wakaiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, na katika karne ya 19 Seyyid Said akahamishia makao yake Unguja, tukio ambalo kwa kawaida hupewa mwaka 1832 ingawa wako wanaolisogeza hadi 1840. Yamkini halua ya aina tunayoijua ilienea pwani katika mkondo huo mrefu wa watu na jahazi. Kaskazi ilileta tende, samaki wakavu na mazulia. Kusi ilirudisha boriti za mikoko, karafuu na pembe. Halua ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoweza kustahimili safari hiyo, na kustahimili huko ndiko chanzo cha sifa yake kwa wasafiri.

Namna inavyopikwa inaeleza sababu. Sukari huyeyushwa katika maji na kuchemshwa. Wanga uliokorogwa katika maji baridi hutiwa. Kisha kazi ya mwiko huanza, na haina mapumziko. Samli huongezwa kidogo kidogo, halafu iliki, zafarani, marashi, na mwishoni lozi au korosho. Ikiachwa bila kukorogwa hata kwa muda mfupi hushika chini na kuungua, na harufu ya kuungua haitoki tena. Saa mbili ni jambo la kawaida. Sufuria kubwa hudai zaidi. Matokeo yake ni kitu ambacho maji yake karibu yote yamefungwa na sukari, vijidudu vikakosa maji ya kuishi, huku samli, iliyokwisha kutenganishwa na maziwa, ikikizuia kisikauke. Hukaa wiki nyingi, hata miezi, bila jokofu. Baharia, mfanyabiashara wa msafara na mwenye kwenda Hija hawakuwa na vyakula vingi vya fahari vyenye sifa hiyo. Embe halifiki. Mkate huota ukungu. Halua hufika kama ilivyoondoka, na kwa karne nyingi hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko tunavyoweza kuhisi leo.

Lugha ya jikoni humo inafaa kusikilizwa kwa utulivu. Sukari, samli, zafarani, lozi: majina yaliyopitia Kiarabu, mengine yakitoka mbali zaidi, kama sukari ambayo nyuma ya Kiarabu ina Kiajemi na nyuma ya Kiajemi ina Kisanskriti. Sufuria nayo ni ya Kiarabu, na mzizi wake unataja shaba. Neno limeihifadhi kumbukumbu ya chombo cha shaba hata baada ya sufuria nyingi kuwa za alumini. Lakini moto, kuni, maji na mwiko ni maneno ya Kibantu, na vitenzi vyote vya kazi, kupika, kukoroga, kutia, kuipua, ni vya Kibantu. Kwa maneno mengine, vilivyonunuliwa vina majina ya bahari, na kazi ina majina ya nchi kavu. Si kanuni ya kudumu, na mtu hatakiwi kuigeuza kuwa falsafa, lakini inaelekeza kidole mahali ambapo historia za halua kwa kawaida hazitazami: kwa mkono ulioshika mwiko, na kwa mkono uliokata muwa.

Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, alitoa mwaka 1870 kitabu chake maarufu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Halua imo katika orodha yake ya maneno, nayo inaelezwa kuwa kitu kitamu cha samli, asali, mayai, uwanga na viungo. Mambo mawili katika maelezo hayo ni ya thamani kubwa.

La kwanza ni uwanga. Uwanga ni unga mweupe wa kiazi kinachoota katika mchanga wa pwani za Bahari ya Hindi, kiazi kichungu kinachohitaji kukunwa na kuoshwa mara nyingi kabla hakijaliwa. Huko Oman wanga wa halua ulikamuliwa katika ngano. Kwa hiyo, ikiwa Steere alielezwa sawasawa, halua ya Unguja miaka ya 1860 ilikuwa na jina la Kiarabu na mwili wa kienyeji. Anayeuliza kama halua ni ya Kiarabu au ya Kiswahili angejibiwaje na sufuria hiyo?

La pili ni asali. Steere aliandika kwa Kiingereza, akatumia neno linalotaja asali ya nyuki. Lakini mtu wa Unguja akimwambia mgeni kwamba halua hutiwa asali, hajasema bado ni asali ya nani. Kiswahili kina asali ya nyuki na kina asali ya mua, yaani maji ya miwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, na ndiyo maana lugha hulazimika kuongeza nyuki pale inapowakusudia nyuki. Steere mwenyewe aliijua tofauti hiyo. Si vigumu kufikiri kwamba asali iliyokuwa katika sufuria nyingi haikutoka mzingani, bali ilitoka mashambani.

Na mashamba hayo yanajulikana. Seyyid Said alijaribu kukuza miwa Unguja, lakini karafuu ikashinda. Mahali ambapo miwa ilistawi ni bonde la chini la mto Pangani, katika bara inayoelekea visiwa. Huko, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wenye mashamba, wengi wao wa asili ya Oman, walizalisha sukari na asali ya mua kwa kazi ya watumwa, na mazao hayo yakapelekwa Unguja na hata Uarabuni. Muwa ukishakatwa hausubiri. Usipokamuliwa upesi utamu wake huharibika. Ndiyo maana popote duniani ambapo sukari ililimwa na watumwa, kazi yake ilikuwa miongoni mwa kazi zilizochukiwa zaidi: kukata mchana, kukamua na kuchemsha usiku. Pangani haikuwa tofauti. Wengi walikimbia. Lugha yetu ina neno kwa ajili yao, watoro, na inashangaza jinsi neno hilo lilivyopoa: leo mtoro ni mwanafunzi asiyehudhuria shule, na mwalimu anayeita majina darasani hana habari kwamba analitumia neno ambalo zamani lilimfuata mtu hadi porini.

Mmoja wa wenye mashamba ya miwa karibu na Pangani alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Vitabu vya shule humkumbuka kama shujaa wa kupinga ukoloni, na hana haja ya kuondolewa heshima hiyo. Lakini historia ya halua humkuta kwa mlango mwingine, akiwa bwana wa shamba, na watu wawili hao ni mtu mmoja. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Zanzibar kwa mkataba wa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa huko mwaka 1897. Katikati ya miaka hiyo, msafiri aliyenunua halua mjini Unguja akaisifu kuwa tamu alikuwa akila kazi ya watu ambao jina la mahali halikuwataja. Hakuna aliyewahi kusema halua ya Pangani. Msafiri hutaja mahali aliponunua. Mahali ambapo utamu ulitoka hapakuwa katika njia yake.

Sifa ya halua kwa msafiri haikuwa ya kukaa sana peke yake. Ilikuwa pia ya kupokelewa. Desturi ya kuiandalia kahawa chungu, iliyomiminwa kutoka katika dele na kunywewa katika finjani ndogo isiyo na mkono, ni moja toka Nizwa hadi Lamu. Kahawa haitiwi sukari kwa sababu halua ina sukari ya kutosha watu wawili. Halua haichoshi kwa sababu kahawa huikata. Mgeni aliyewekewa vitu hivyo viwili anajua amefika mahali anapohesabiwa. Mwaka 2015 UNESCO iliiorodhesha kahawa ya Kiarabu kuwa urithi usioshikika wa Oman na majirani zake, ikitaja ukarimu. Halua, iliyokaa katika sinia hiyo hiyo siku zote, haikuwamo katika jina la orodha. Pwani yetu, nikahi hufungwa, fatiha husomwa, na halua hupitishwa kabla watu hawajanyanyuka. Asiyepata kipande huona kama hakuhudhuria.

Hapa neno jingine linadai nafasi yake: zawadi. Katika Kiarabu mzizi z-w-d unahusu kumpa mtu masurufu ya safari, na zad ni chakula cha njiani. Kiswahili kimelipokea neno kwa upande wa pili wa safari. Zawadi kwetu ni kitu anachopewa mtu kwa upendo, na hasa hasa kile anachorudi nacho msafiri. Aliyekwenda safari huulizwa, kabla hajaulizwa habari za njia, umetuletea zawadi gani? Chakula cha kwendea kimekuwa kitu cha kurudia. Maana imesafiri safari nzima, kutoka kuaga hadi kupokewa, na halua ni kielelezo chake kizuri kwa kuwa hufanya kazi zote mbili: huliwa njiani na hubaki ya kutosha kugawa. Vikapu vidogo vya ukindu ambamo ilifungwa Unguja na Pemba vilitengenezwa kwa safari hiyo, vyepesi, vyenye kupumua, na vya ukubwa unaomruhusu mtu kubeba kadhaa na kumpa kila ndugu chake.

Na zawadi lazima iwe na mahali. Aliyebaki nyumbani hataki kitu kitamu tu, maana vitamu vipo dukani. Anataka ithibati kwamba alikumbukwa kule. Ndipo a-unganifu inapoanza kazi. Sarufi zetu hueleza kwamba kiungo hiki huonyesha umilikaji, kisha huorodhesha maana nyingine kana kwamba ni vijukuu vya umilikaji huo. Majina ya vyakula yanaonyesha hali isiyo nadhifu hivyo. Kashata ya nazi hutaja kilichomo. Mkate wa kumimina hutaja kitendo cha mpishi. Mkate wa Ajemi hutaja mahali, ambapo yawezekana mwokaji hajawahi kupakanyaga. Majina ya aina mbili za mwanzo ni ya jikoni. Aina ya tatu ni ya sokoni na safarini: mchele wa Kyela, machungwa ya Muheza. Huko Muheza ni machungwa.

Mifano ya nje ya chakula inaonyesha jambo hilo hilo kwa ukali zaidi. Baada ya Marekani kutia sahihi mkataba wa biashara na Seyyid Said huko Maskati mwaka 1833, kitambaa cha pamba cha Massachusetts kilienea Afrika Mashariki hadi kikawa kama fedha, nacho kikaitwa merikani. Waliokifuma hawakukiita hivyo. Katika Sri Lanka, aina mojawapo ya halua hujulikana kwa jina la Maskati lenyewe, na neno halua limedondoka kabisa; mji umekuwa kitu kitamu. Na katika Bara Hindi kuna halua moja ya wanga, yenye rangi na kunata, inayojulikana kwa wengine kama ya Karachi na kwa wengine kama ya Bombay. Miji hiyo miwili ilitenganishwa na mpaka mwaka 1947. Anayetaka kujua kwa hoja ya jina ipi ndiyo asili yake atabaki akizunguka kati ya bandari hizo mbili.

Kwa hiyo halua ya Maskati, katika kinywa cha mzee wa Unguja, haikuhitaji kuwa imepikwa Maskati. Ilikuwa halua ya watu waliokumbuka safari, au waliotaka wengine wakumbuke kwamba babu zao walisafiri. Jina la mahali liliweza kuwa dai la nasaba. Kabla ya mwaka 1964 dai hilo lilikuwa na uzito wa kisiasa Zanzibar ambao leo ni rahisi kuudharau. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari mwaka huo lilikuwa na hatari. Maelfu waliuawa au waliondoka, na miongoni mwa waliokwenda Oman, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita nyumbani watu wa asili ya huko, walikuwamo wengi ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili.

Waliobaki walikumbana na tatizo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Zanzibar ilibana uagizaji wa chakula kutoka nje. Mchele, unga wa ngano na sukari vikawa vitu vya foleni na kipimo. Halua ni sukari kabla haijawa kitu kingine. Haina namna ya kupikwa kidogo kwa sukari kidogo, kama chai inavyoweza kunywewa hivyo. Harusi zilifungwa, maana watu hawaachi kuoana kwa kukosa sukari, lakini sinia ilipopita ilikuwa nyepesi, na aliyekuwa na ndugu Mombasa au Maskati wa kumtumia kikapu alijulikana mtaa mzima. Kwa miaka hiyo jina la mahali liligeuka tena. Halua ya Mombasa, ikisemwa Unguja, haikuwa sifa ya ladha. Ilikuwa taarifa kwamba mtu ana njia. Hali ilianza kulegea kuanzia katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa, na masufuria yakarudi motoni.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka uliofuata. Msafiri wa sasa ni mtalii, naye huila halua kwa namna yake: kipande kimoja, picha, na swali kuhusu viungo. Wengine huikataa kwa kunata kwake. Walio wengi zaidi, hata hivyo, si watalii wa kigeni, bali ni watu wa bara wanaokuja kazini, harusini au likizoni, na wanaojua kwamba hawawezi kurudi mikono mitupu. Kwao halua imehamia katika visanduku vya plastiki vyenye kifuniko, na kikapu cha ukindu, pale kinapopatikana, kimekuwa pambo la kuuzia. Juu ya kisanduku huchapishwa sasa jina la mahali. Hili ni jambo jipya katika historia iliyoelezwa hapa. Kwa mara ya kwanza mwenyeji mwenyewe anaandika kwa mkono wake jina ambalo kwa karibu karne mbili alikuwa akipewa na wapita njia, na analiandika kwa sababu anauza kwa mtu anayeondoka. Hata anayekula kwake Unguja hukinunua kisanduku kilichoandikwa kwamba ni cha Zanzibar, akakifungua nyumbani Zanzibar.

Katika mitaa ya Maskati wanamoishi waliotoka Unguja na Pemba, na siku hizi hata katika nyumba za Wa-Omani wasio na babu wa Afrika, kifungua kinywa huweza kuwa na kitu kingine kilichovuka bahari kwa njia ya kurudi. Kinaitwa mandazi. Jina hilo limetokana na maandazi, na nyuma yake kipo kitenzi kuandaa. Kiarabu cha huko hakikutafuta neno lake, na jina lilivuka bila kiungo wala jina la mahali.